GARI NI LA TAJIRI, KIFUA NI CHA DEREVA

Ndugu wafanya kazi wa Thika na Ruiru, na hasa ninyi mnaokaa Kiandutu,

Leo twataka kusema juu ya jambo linalowahusu madereva, mataniboi, na kila mfanya kazi anayepanda gari la kazi asubuhi. Wako ndugu zetu wengi ambao huamka Kiandutu kabla ya jua, wakaenda kuchukua funguo za gari lisilo lao. Mwingine huendesha pikapu ya kupeleka mizigo dukani, mwingine teksi, mwingine motokaa ya kubeba makarani na wasimamizi. Gari si lao, faida si yao, lakini mwili ulio nyuma ya usukani ni wao.

Sasa kuna magari ambayo viwanda vilivyoyatengeneza vimeyaita yarudi, kwa kuwa ndani yake mna kitu kinachoweza kuua. Dereva akiuliza, aambiwa hivi: "Ni kweli, gari limeitwa, lakini spea haijafika. Wewe endelea na kazi, tutakuarifu." Spea hukawia wiki, hukawia miezi. Na muda wote huo dereva hukaa mbele ya kitu kile kile ambacho kiwanda chenyewe kimekiri kuwa ni kibaya.

Basi chama chauliza swali moja tu. Gari linapongoja kutengenezwa, ni nani anayengoja, na anangoja kwa gharama ya nani?

MWITO WA KIWANDA NI NINI

Wengine hawajui jambo hili, basi tulieleze. Kiwanda kikigundua kwamba gari kililouza lina kasoro ya hatari, sharti kiwaarifu wenye magari na kulitengeneza bure. Marekani ilitoa sheria ya usalama wa magari mwaka 1966, na tangu hapo nchi nyingi zimefuata. Mwito huo si hisani, wala si zawadi kwa mnunuzi. Ni kiwanda kulipa deni lake.

Lakini deni hilo lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni spea na kazi ya fundi. Hiyo hulipwa na kiwanda, wala hakuna ubishi. Sehemu ya pili ni siku za kungoja. Gari likilala, mapato hulala. Gari lisipolala, hatari hukaa barabarani. Sehemu hii ya pili ndiyo matajiri wanayopenda kuisukuma chini, kwa wakala, kutoka kwa wakala mpaka kwa mwenye gari, kutoka kwa mwenye gari mpaka kwa dereva. Dereva hana wa kumsukumia.

MAMBO YA TAKATA

Mfano mkubwa kuliko yote duniani ni mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani. Mfuko wa hewa ni ule uliofichwa ndani ya usukani na ndani ya dashibodi. Gari likigonga, mfuko hujaa hewa kwa kufumba na kufumbua ili kichwa na kifua visipige chuma. Kinachoujaza ni kopo dogo la chuma lenye baruti ndani yake.

Takata ilitumia baruti ya amonium naitreti. Wakulima wanaijua jamii ya chumvi hiyo, maana imo katika mbolea ambayo watu hutia kwenye mahindi. Chumvi hii huvuta unyevu. Baada ya miaka mingi ya joto na unyevu, mchana na usiku, ile baruti huharibika. Siku ya ajali huwaka kwa nguvu kupita kiasi, kopo likapasuka, na vipande vya chuma vikaruka kama risasi kumwelekea mtu aliyekaa mbele yake. Chombo kilichowekwa ili kiokoe roho hugeuka bomu.

Honda iliita magari ya kwanza kwa sababu hii mwezi wa Novemba 2008. Halafu zikafuata Toyota, Nissan, Mazda, Subaru, Mitsubishi, BMW, Ford na nyingine nyingi. Marekani peke yake makopo yaliyoitwa ni kama milioni 67, na duniani kote yamepita milioni 100. Wafu waliothibitishwa huko Marekani wamezidi 25, na majeruhi ni mamia. Mwezi wa Juni 2016 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba katika majaribio ya magari fulani ya Honda ya miaka 2001 hadi 2003, makopo yaliyopasuka yalifika hata nusu. Ikawaambia wenye magari hayo wasiyaendeshe po pote, isipokuwa kwenda gereji kutengenezwa.

Tena tusidhani jambo hili lilikuwa bahati mbaya tu. Mwezi wa Januari 2017 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba Takata imekubali kosa la kuwadanganya wanunuzi wake kwa taarifa za uongo juu ya majaribio ya makopo hayo. Ikatakiwa kulipa dola bilioni moja. Sasa, ndugu, hebu mtazame jinsi fedha hizo zilivyogawanywa. Dola milioni 850 zilikwenda kwa makampuni ya magari. Dola milioni 25 zikawa faini. Waliokatwa nyuso na shingo, pamoja na jamaa za waliokufa, wakawekewa dola milioni 125. Makampuni yalipewa karibu mara saba ya walioumia. Mwezi wa Juni mwaka huo huo Takata ikatangaza kufilisika.

Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda mfanya kazi asipokuwa na sauti mezani. Hasara ya tajiri huhesabiwa kwanza, damu ya mtu huhesabiwa baadaye.

JAMBO HILI LINATUHUSU VIPI SISI WA THIKA

Mtu atasema, hayo ni ya Marekani. La. Magari mengi tunayoendesha yalinunuliwa kwanza na watu wa Japani, yakatumika huko miaka mingi, kisha yakaletwa Mombasa kwa meli. Kanuni ya Kenya, iitwayo KS 1515, yasema gari kuukuu linaloingizwa lisizidi miaka minane. Hesabu ninyi wenyewe. Gari la mwaka 2008 lingeweza kuingia nchini hata mwaka 2015, na ukisimama leo kando ya barabara ya Garissa utayaona magari ya umri huo yakipita mengi. Corolla, Vitz, Honda Fit na Subaru Impreza ni majina yaliyomo katika miito ya Takata, kwa magari ya miaka fulani. Si kila gari lenye jina hilo ni baya. Lakini kujua lipi zima na lipi bovu, sharti namba yake itazamwe.

Na barua ya mwito huenda wapi? Huenda kwa mtu aliyeandikishwa kuwa mwenye gari huko Japani. Gari limekwisha kuvuka bahari, limeuzwa Mombasa, likauzwa tena Nairobi, likauzwa mara ya tatu Thika. Dereva wa Kiandutu hana barua. Mwenye gari hana barua. Barua imelala Osaka, na baruti iko Makongeni.

Kuna jambo jingine. Kuanzia Mei 2018 serikali ya Japani iliamua kwamba gari lenye kopo la Takata la hatari kubwa, ambalo halijatengenezwa baada ya kuitwa, lisipite ukaguzi wa serikali. Lisipopita ukaguzi haliruhusiwi kutumika barabarani. Basi twauliza: kama gari halifai barabara za Japani, linawezaje kufaa barabara ya Thika? Je, kifua cha Mjapani ni nyama, na kifua chetu ni chuma?

Tena mji wetu si mgeni wa magari. Hapa Thika kuna kiwanda cha kuunga magari kilichoanzishwa miaka ya 1970 kwa jina la Leyland Kenya, kikaitwa baadaye Kenya Vehicle Manufacturers. Desemba 2016 Volkswagen ilianza kuunga Polo Vivo hapo hapo. Ndugu zetu waliofanya kazi za namna hiyo wanajua kwamba hakuna gari linalotoka mlangoni bila namba. Namba hupigwa kwenye chuma ili gari lijulikane lilitoka siku gani na limefungwa vitu gani. Mtu asituambie kwamba haiwezekani kujua gari lipi ni bovu. Yawezekana sana. Hutakiwi kuwa na cho chote ila namba, na mtu wa kuitazama.

WENGINE WALINGOJA NAMNA GANI

Spea za Takata zilipungua dunia nzima. Hilo ni kweli, hatulikatai. Makopo mamilioni hayatengenezwi kwa siku moja. Lakini mtazame jinsi watu wengine walivyongoja.

Mwezi wa Oktoba 2014, Toyota ya Marekani ilikuwa haina spea za kutosha. Ikawaambia mawakala wake wazime mfuko wa upande wa abiria, na kubandika ilani kwenye dashibodi kwamba mtu asikae hapo mpaka spea ifike. Kiti kikafungwa. Ni dawa ndogo, lakini angalau waliandika ukweli mbele ya macho ya watu.

Australia, baada ya mtu mmoja kufa mjini Sydney mwezi wa Julai 2017, serikali ilitoa amri Februari 2018 ya kuyalazimisha makampuni. Kwa magari ya hatari kubwa, kampuni ilitakiwa kulivuta gari kwa gharama yake, au kumpelekea mwenye gari fundi. Na kazi ikikawia kupita saa 24, kampuni impe mtu gari la kutumia au imlipie la kukodi. Huko mtu alingoja, lakini alingoja akiwa ndani ya gari zima.

New Zealand ni nchi inayonunua magari kuukuu ya Japani kama sisi. Nayo ilitoa amri yake Aprili 2018, na amri hiyo haikuyaacha nje magari ya mitumba. Hawakusema, "Hili halikununuliwa kwa wakala wetu." Waliuliza tu kama lina kopo la hatari. Na Juni 2025, baada ya mtu kufa mjini Reims, serikali ya Ufaransa iliagiza magari ya Citroën C3 na DS3 ya miaka ile yasimamishwe mara moja, nchi nzima.

Basi yote haya yanawezekana. Yaliwezekana kwa sababu huko serikali ilisimama upande wa mtu anayekaa kitini.

MAJIBU YA MATAJIRI, NA MAJIBU YETU

La kwanza husema: "Endesha pole pole, hutapata neno." Huu ni uongo wa hatari. Julai 2014, mjini Sibu, nchi ya Malaysia, mama mjamzito alikufa katika ajali ya mwendo mdogo, ajali ambayo watu hushuka wakatazamana na kubishana juu ya taa iliyovunjika. Kilichomwua ni kipande cha chuma kutoka ndani ya usukani. Malaysia ni nchi ya joto na unyevu kama pwani yetu, na gari lililokaa Mombasa miaka mingi laweza kuuzwa huku kwetu. Kwenda pole pole ni vizuri, lakini hakuondoi baruti.

La pili husema: "Gari ni mtumba, kiwanda hakitujui." Kiwanda kilijua kupokea bei yake siku ya kwanza. Kasoro haikuingia bandarini Mombasa, ilitoka nayo kiwandani. Kama jina la kampuni limeandikwa mbele ya gari, na wakala wa jina hilo anauza magari mapya katika nchi hii, basi deni linajulikana ni la nani.

La tatu husema: "Subira huvuta heri." Methali hii ni nzuri, nasi tuliifundishwa na wazazi wetu. Lakini wazazi hawakusema mtu asubiri huku amekalia moto. Tajiri anayehubiri subira, mwambieni abadilishane kiti na dereva mpaka spea ifike. Tutaona subira yake ni ya siku ngapi.

La nne ndilo baya kuliko yote: "Hutaki kuendesha? Sawa. Kiandutu imejaa watu wanaotafuta kazi." Ndugu, neno hili twalijua. Ni neno la zamani, lilikuwako siku za ukoloni. Ndilo walilopigana nalo watu kama Fred Kubai, aliyewaongoza wafanya kazi wa usafirishaji, naye pamoja na Makhan Singh wakaunda muungano wa vyama vya wafanya kazi siku ya 1 Mei 1949, wakakamatwa mwaka uliofuata. Ni kweli Kiandutu ina watu wengi wasio na kazi. Lakini njaa ya jirani yako si ruhusa ya kukuua wewe. Na yule atakayepewa funguo kesho atakaa kwenye kiti kile kile, mbele ya kopo lile lile. Tajiri atakuwa amebadilisha kifua tu.

SHERIA INASEMA NINI

Watu wengine hufikiri mfanya kazi hana haki hata moja katika jambo hili. Wakosea.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa kila mnunuzi na mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari za lazima, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kulipwa akiumizwa na kasoro ya bidhaa. Kifungu cha 41 chatupa haki ya hali nzuri za kazi, na haki ya kuwa na chama.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi akiwa na sababu ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa iliyo karibu, sharti amwarifu msimamizi wake. Na mpaka hatari hiyo iondolewe, mwajiri hana ruhusa ya kumlazimisha arudi mahali pale. Mahali pa kazi si jengo la kiwanda tu. Kwa dereva, mahali pa kazi ni kiti cha gari. Basi dereva anayetoa taarifa juu ya gari lililoitwa si mkaidi wala mvivu. Anatimiza sheria. Mkaidi ni yule anayemrudisha barabarani.

Iko pia sheria ya mwaka 2007 ya malipo kwa walioumia kazini. Lakini sheria hiyo huja baada ya damu kumwagika. Sisi twataka tuzungumze kabla.

Twajua vile vile kwamba wako madereva ambao hawakuandikwa kazi. Wamekodishwa gari kwa siku, na jioni sharti wapeleke kiasi kilichokatwa, wapate abiria wasipate. Hao huambiwa kwamba wao ni "wafanya biashara", kwa hiyo gari likilala ni shauri yao. Huu ni ujanja. Mtu asiyeweza kuuza gari, asiyeweza kulipaka rangi bila ruhusa, na asiyeshika logibuku yake, si mwenye gari. Ni mfanya kazi, na chama chamhesabu kuwa ni mfanya kazi.

LA KUFANYA WAKATI WA KUNGOJA

Mwanachama asikae tu akingoja mkutano. Afanye haya tangu leo:

1. Andika namba ya chesisi ya gari unaloendesha. Imo katika logibuku, na imepigwa kwenye chuma cha gari. Magari yaliyotoka Japani hayana namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 kama yale ya Ulaya na Marekani. Yana herufi za aina ya gari, kistari, kisha tarakimu. Kwa hiyo ukitafuta katika orodha za Marekani na kuambiwa namba haijulikani, usidhani ya kwamba gari ni zima. Sharti itafutwe katika orodha za kampuni yenyewe huko Japani, au kwa wakala wake hapa nchini.

2. Ukijua gari limeitwa, mwarifu tajiri kwa maandishi. Andika tarehe, namba ya gari na namba ya chesisi. Weka nakala, na nakala nyingine mpe katibu wa tawi. Neno la mdomo hukanushwa, karatasi haikanushwi.

3. Kama kiwanda kimesema gari lisiendeshwe kabisa, usiliendeshe, na mwite katibu siku hiyo hiyo. Kama kopo lililoitwa ni la upande wa abiria, mtu asikae mbele. Taniboi akae nyuma ndani ya gari kama kuna kiti, asipande juu ya mzigo.

4. Funga mkanda kila safari. Sogeza kiti nyuma kadiri unavyoweza kufikia pedeli vizuri, ili pawe na nafasi baina ya kifua chako na usukani. Haya hayaondoi hatari ya kopo bovu, lakini hupunguza madhara ya ajali nyingine.

5. Usimruhusu fundi wa kando ya njia aufungue mfuko wa hewa, hata kama ni rafiki yako na mkono wake ni mwepesi. Ile ni baruti. Agosti 2016 lori lililobeba vitu vya Takata lililipuka huko Quemado, jimbo la Texas, na mwanamke mmoja akafa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kama chombo hicho kiliwashinda wenye kiwanda, kisichezewe kwa bisibisi.

6. Usikubali mfuko uliotolewa katika gari jingine lililogongwa. Huenda ukawa ni Takata ule ule, ukaondoa ugonjwa ukaweka ugonjwa. Tena wako watu wanaozima ile taa ya mfuko kwenye dashibodi kwa waya, ili gari lionekane zima. Kuzima taa si kuzima hatari.

TUNAYODAI

Kwa waajiri na wenye magari wote wa Thika na Ruiru, twadai:

Kwanza, kila mwenye magari ya kazi aandike namba za chesisi za magari yake yote, azipeleke kwa wakala zikatazamwe, na majibu yabandikwe ukutani mahali madereva wote wanapoweza kuyasoma.

Pili, gari lililokatazwa lisimame, na dereva wake apewe gari jingine au kazi nyingine. Kama hakuna, alipwe mshahara wake kamili kwa siku zote za kungoja. Dereva wa kukodi asidaiwe fedha za siku ambazo gari limesimama kwa kosa la kiwanda. Tajiri anayeona hasara hiyo ni kubwa, akaidai kwa kiwanda. Yeye ana wakili; dereva hana.

Tatu, mtu asifukuzwe, asikatwe mshahara, wala asipewe barua ya onyo kwa sababu ametoa taarifa ya hatari.

Kwa makampuni na mawakala wao, twadai kwamba gari lililoitwa litengenezwe bure bila kuulizwa lilinunuliwa wapi. Na siku za kungoja zilipwe na aliyeleta kasoro, kama ilivyoamriwa Australia.

Kwa Serikali, twadai kwamba gari lenye mwito usiotimizwa lisipewe cheti cha kuingia nchini, na namba za chesisi zitazamwe tena katika vituo vya ukaguzi. Twadai orodha ya magari yaliyoitwa itangazwe kwa Kiswahili, redioni na magazetini, ili mtu wa Kiandutu aipate kama vile mtu wa Karen anavyoipata. Watu wanaweza kuogopa kusikia habari mbaya. Lakini watu wasioambiwa hawawezi kujilinda.

NENO LA MWISHO

Ndugu, matajiri watasema chama kinatafuta ugomvi. Hatutafuti ugomvi na mtu. Twajua gari likisimama, maduka hukosa mizigo na wenye magari hukosa fedha. Twajua pia kwamba wako wenye gari moja tu, walilonunua kwa mkopo, nao benki haiwasamehi. Hao twawaambia, njoni tusimame pamoja dhidi ya kiwanda, badala ya kumkaba dereva. Adui yenu si mtu anayewaletea hesabu kila jioni.

Lakini jambo moja hatutalikubali. Hatutakubali kwamba kosa lililofanywa kiwandani mbali na hapa, likafichwa na watu wenye elimu na mishahara mikubwa, likalipwe na dereva wa Kiandutu kwa macho yake, au kwa shingo yake. Kama ni lazima mtu angoje, na gari lingoje. Chuma hakina njaa, wala hakina watoto.

Kila mwanachama alete namba ya chesisi ya gari analoendesha kwa katibu wa tawi lake. Namba moja ni karatasi tu. Namba za madereva wote wa Thika na Ruiru, zikiwekwa pamoja juu ya meza ya wakala na meza ya Serikali, haziwezi kufagiliwa chini.

Soma karatasi hii, kisha mpe mwenzako. Asiyejua kusoma, msomee.

UMOJA NI NGUVU.